Mbwa ametibiwa upele na haponi: kutambua ugonjwa wa ngozi wa kurithi

Karibu kila mbwa mwenye shida ya ngozi anayefikishwa kwa daktari hapa Nairobi huwa ameshapakwa kitu nyumbani: dipu ya ng'ombe iliyopimwa kwa kifuniko, ivermectin ya agroveti, au oili chafu kutoka gereji. Sababu inaeleweka. Utitiri, viroboto na kupe wamejaa mitaani, na mara nyingi dawa ya kuua wadudu husaidia. Lakini wako mbwa ambao wadudu hawakuwahi kuwa tatizo lao. Walizaliwa na hitilafu kwenye jeni zinazojenga ngozi, na kila dipu inayoongezwa inawaumiza bure. Mwongozo huu ni wa kuwatambua hao. Kila palipo na la kusema nimetaja pia ugonjwa wa binadamu unaolingana, kwa sababu jeni hizo hizo huharibika kwa watoto wetu, na baadhi ya maarifa yanayowasaidia leo yalipitia kwa mbwa kwanza.

Kabla ya dawa yoyote

Anza na umri. Ugonjwa wa ngozi wa kurithi kwa kawaida hujitokeza mapema: siku ya kuzaliwa, wiki za mwanzo, au kabla mbwa hajamaliza ujana wake. Mbwa wa miaka 7 aliyekuwa na ngozi safi maisha yote kisha akaanza kunyonyoka, mfikirie kwanza kwa homoni, mzio au maambukizi. Upo ugonjwa mmoja unaovunja kanuni hii, nitaufikia.

Halafu uliza kuhusu muwasho. Alianza kujikuna ngozi ikiwa bado nzima, au ngozi ilibadilika yeye akiwa ametulia? Mengi ya magonjwa yaliyo hapa chini hayawashi mpaka bakteria au fangasi wapate nafasi juu ya ngozi iliyokwisha dhoofika. Tazama na watu wa nyumba hiyo. Wakiwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, fikiria upele wa utitiri wa Sarcoptes, ambao mbwa humpa mtu. Mtoto akiwa na mashilingi kichwani, fikiria fangasi wa Microsporum canis, ambaye naye huvuka kutoka kwa mbwa na paka kwenda kwa watu.

Swali linalorukwa ni lile ninalolithamini kuliko yote: ndugu zake wa tumbo moja wakoje? Mpigie simu aliyekuuzia. Ukiambiwa kwamba wawili kati ya saba wako vivyo hivyo na wazazi wote ni wazima, umepata kitu kikubwa bila kulipa hata shilingi. Jibu hilo linaelekeza kwenye hitilafu ambayo kila mzazi amebeba nakala moja bila kuugua, na wagonjwa ni wale waliopokea nakala mbovu pande zote mbili. Wagonjwa wote wakiwa madume, na mama akionekana mzima, macho yaelekee kwenye kromosomu ya X, ambayo dume ana moja tu. Mtoto wa mbwa aliyenunuliwa kando ya barabara, kutoka kwenye buti la gari, mara nyingi hana historia hiyo, na ni hasara ya kweli kwa daktari anayemtibu.

Baada ya maswali, ngozi ikwanguliwe na kutazamwa kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache katika kliniki yoyote yenye vifaa. Humo ndimo utitiri wa Demodex huonekana. Utitiri huu mtoto wa mbwa huupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na hauambukizi watu. Mabaka machache ya upara kuzunguka macho na kwenye miguu ya mbele mara nyingi hupona yenyewe. Ukisambaa mwili mzima kwa mbwa mchanga, hapo kuna udhaifu wa kinga ambao una mkono wa urithi. Mtibu, apone, lakini usimzalishe.

Utitiri haupo, fangasi hawapo, dawa ya bakteria imetolewa kwa muda wake kamili, na ngozi bado ni ile ile? Sasa linganisha dalili.

Mba nyingi, tena kubwa, na hajikuni

Kama ni Golden Retriever, huu ndio ugonjwa wa kwanza kuufikiria: ikthiosisi. Magamba makubwa laini hutoka kifuani, mbavuni na mgongoni, meupe mwanzoni, kisha ya kijivu au meusi. Ngozi ya tumbo huwa nyeusi na yenye mikunjo. Hula vizuri, hucheza, na mwenye mbwa hulalamika zaidi juu ya zulia kuliko juu ya mbwa. Kwa macho huonekana kama utitiri wa Cheyletiella au uchafu tu, ndiyo maana wengi huogeshwa kwa sabuni kali ya kufulia, jambo linaloikausha zaidi ngozi ambayo tabaka lake la juu tayari ni jembamba kuliko letu.

Mwaka 2012 kundi la watafiti wakiongozwa kutoka Rennes, Ufaransa, lilionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo PNPLA1. Jeni hiyo ilikuwa haijawahi kuhusishwa na ngozi. Walipoitafuta kwa watu wenye ikthiosisi ya kuzaliwa nayo ambao chanzo chao hakikuwa kimejulikana, waliikuta imeharibika kwao pia. Hapa mbwa ndiye aliyeonyesha njia, familia za binadamu zikapata jibu lao baadaye. PNPLA1 hushiriki kutengeneza mafuta yanayoziba nafasi kati ya chembe za juu za ngozi. Yakikosekana, maji hutoka na magamba hujaa.

Haina tiba ya kuiondoa. Shampuu ya kulainisha magamba, mafuta ya kulainisha ngozi baada ya kuoga, na mafuta ya samaki kwenye chakula humpa mbwa maisha ya kawaida. Aina nyingine za mbwa zina ikthiosisi ya jeni nyingine, na si zote ni nyepesi: ile ya Jack Russell Terrier, inayotokana na jeni ya TGM1, ni kali sana. TGM1 pia ni chanzo kikuu cha ikthiosisi kali kwa watoto wachanga wa binadamu.

Pua kavu yenye ganda la kahawia

Labrador wa miezi 6 hadi 12, mchangamfu, na ganda limejijenga juu ya pua peke yake. Mfikirie ugonjwa wa kurithi wa pua unaotokana na jeni ya SUV39H2, uliobainishwa mwaka 2013. Chembe za pua hushindwa kukomaa kwa wakati wake, zikarundikana. Paka mafuta mazito ya mgando kila siku na uzuie jua kali la saa sita, basi.

Lakini usiseme ni urithi kabla hujamwondolea distempa. Ugonjwa huo bado unaua mbwa wasiochanjwa, na nao hufanya pua na nyayo kuwa ngumu. Tofauti ni kwamba mbwa wa distempa ni mgonjwa: matongo, kikohozi, kuhara, mishtuko. Ganda likija pamoja na vidonda na weupe wa pua kwa mbwa mkubwa, fikiria lupasi au pemfigasi, magonjwa ambayo kinga ya mwili hushambulia ngozi yenyewe, na hapo bayopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi kipimwe maabara, haiepukiki.

Upara wa kuzaliwa nao, meno machache na yaliyochongoka

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sijui ugonjwa mwingine wa ngozi ya mbwa uliomfikia mtoto wa binadamu kwa njia iliyo wazi kama huu.

Mtoto wa mbwa, mara nyingi dume, anazaliwa na upara juu ya paji la uso na juu ya kiuno, pande zote mbili sawasawa. Meno yakianza kutoka ni machache, na yaliyopo yamechongoka. Macho hukauka. Nyayo zake hazitoi jasho, nazo ndizo mahali ambapo mbwa hutokwa na jasho hasa. Anapatwa na nimonia mara kwa mara kwa sababu njia za hewa zimekosa tezi za ute. Katika baridi ya Julai anatetemeka. Mchana wa Februari anahema kupita wenzake. Watu wengi huona upara tu na kuanza kumpaka dawa ya mashilingi. Fungua mdomo wake. Meno ndiyo yanayotoa ushahidi.

Jeni iliyoharibika ni EDA, iliyo kwenye kromosomu ya X, na ugonjwa umeelezwa vizuri kwa German Shepherd. Jeni hiyo hutengeneza protini inayoamuru ngozi ya kijusi iote nywele, meno na tezi za jasho. Binadamu wana ugonjwa huo huo wa jeni hiyo hiyo. Mtoto wa kiume anazaliwa na nywele chache, meno yaliyochongoka, na hawezi kutoa jasho. Hatari yake kubwa ni joto: mtoto mchanga anaweza kupata homa kali kwa sababu tu ya kufunikwa sana au kukaa juani, na homa hiyo ikatibiwa kama malaria mara kwa mara.

Mwaka 2007 Margret Casal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya kuwadunga watoto wa mbwa wagonjwa protini ya EDA iliyotengenezwa maabara, muda mfupi baada ya kuzaliwa. Meno yao ya ukubwani yaliota vizuri, wakatoa jasho, na maambukizi ya kifua yakapungua. Dozi za siku chache ziliacha faida ya kudumu. Ilipojaribiwa kwa watoto wachanga wa binadamu baada ya kuzaliwa, faida haikuonekana vile. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa hajakomaa sana, mlango wa kuotesha tezi ukiwa bado wazi. Kwa mtoto wa mtu mlango huo hufungwa akiwa bado tumboni. Daktari Holm Schneider wa Erlangen, Ujerumani, akachukua hatua iliyofuata: alidunga protini hiyo kwenye maji ya uzazi, mimba ikiwa na wiki 26 na tena 31 kwa mapacha, na wiki 26 kwa mtoto wa tatu. Taarifa yake ilitoka mwaka 2018. Watoto hao watatu walizaliwa wakiwa na uwezo wa kutoa jasho.

Kwa mtoto wa mbwa aliyeko nyumbani kwako, kazi ni kumtunza: sweta wakati wa baridi, kivuli na maji wakati wa joto, matone ya kulainisha macho, chakula laini, chanjo zote, na daktari mapema kila anapokohoa. Mama yake asizalishwe tena, hata kama ana sura nzuri kiasi gani, kwa sababu ndiye aliyebeba jeni hiyo mbovu.

Manyoya ya buluu yanapungua mgongoni

Doberman au pitbull mwenye rangi ya kijivu cha buluu huuzwa ghali. Rangi hiyo inatokana na nakala mbili zenye hitilafu za jeni ya MLPH, inayosafirisha chembe za rangi hadi kwenye unywele. Rangi hujikusanya mabonge mabonge, unywele ukawa dhaifu na kukatika. Kati ya miezi 6 na miaka 3 mgongo huanza kuwa mwembamba wa manyoya, vipele vya usaha vikafuata, huku kichwa na miguu vikibaki salama. Si kila mbwa wa buluu hupatwa, lakini ukiona picha hiyo, dawa ya upele iweke kando. Tibu maambukizi ya bakteria yanapojitokeza, ogesha kwa upole, na ukubali kwamba manyoya mengi hayatarudi.

Kwa watu, MLPH ikiharibika hutokea aina ya tatu ya sindromu ya Griscelli, yenye nywele za rangi ya fedha bila madhara mengine. Daktari wa watoto hujali sana kujua ni aina ipi, kwani aina ya kwanza hugusa ubongo na ya pili hugusa kinga ya mwili, na hizo zina jeni zake nyingine.

Malengelenge, vidonda mdomoni, kucha kung'oka

Watoto wa mbwa wa wiki chache wenye vidonda kwenye nyayo, ncha za masikio, ufizi na ulimi, kila mahali penye msuguano, wapelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda ni epidermolisisi bulosa, ambapo tabaka la juu la ngozi halikushikamana na la chini. Imeelezwa kwa Golden Retriever wenye hitilafu ya kolajeni ya aina ya 7, na kwa German Shorthaired Pointer wenye hitilafu ya jeni ya LAMA3, inayotengeneza sehemu mojawapo ya protini ya laminini 332; protini zote mbili hushikamanisha tabaka hizo. Wengine huathirika kidogo wakaishi. Kwa wengine, kuwasitishia mateso ni huruma, na ninasema hivyo nikijua uzito wake kwa familia yenye watoto.

Mbwa hawa walitumika kujaribu kama ngozi iliyorekebishwa jeni inaweza kushika. Kwa binadamu, mwaka 2015 mvulana wa miaka 7 huko Bochum, Ujerumani, aliwekewa ngozi iliyooteshwa kutoka chembe zake mwenyewe baada ya jeni yake ya LAMB3, ya sehemu nyingine ya laminini hiyo hiyo, kurekebishwa na timu ya Michele De Luca wa Modena, Italia. Takriban asilimia 80 ya ngozi yake ilibadilishwa. Na Mei 2023 Marekani iliidhinisha jeli ya kupaka inayobeba jeni ya kolajeni ya aina ya 7.

Ikiwa ngozi haitoi malengelenge bali inavutika kupita kiasi na kuchanika kwa mguso mdogo, ikiacha makovu membamba, hiyo ni jamaa ya Ehlers-Danlos, ugonjwa wa binadamu wa ngozi dhaifu inayovutika. Toa vitu vyenye ncha nyumbani, na mwambie daktari mapema kabla ya upasuaji wowote, maana nyuzi za kushonea hukata ngozi hiyo.

Vinundu vigumu miguuni kwa German Shepherd wa makamo

Huu ndio unaovunja kanuni ya umri, na unanihangaisha kwa sababu German Shepherd wamejaa Nairobi, wakilinda malango toka Karen hadi Kitengela. Mbwa akifika miaka 5 au zaidi, vinundu vigumu visivyouma hutokeza kwenye miguu na kichwa. Havikui haraka. Askari wa lango huona, mwenye nyumba huona, wote wanasema ni mafuta tu. Inawezekana kabisa ni mafuta. Lakini vikiwa vingi na vigumu, omba daktari apime figo kwa altrasaundi, pande zote mbili, kwa sababu vinundu hivyo vinaweza kuwa dalili ya nje ya uvimbe wa saratani ndani ya figo. Jike hupata pia uvimbe kwenye mji wa mimba.

Jeni ni FLCN, na nakala moja mbovu inatosha, kwa hiyo kila mtoto wa mbwa huyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi. Kwa watu, jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 2002 kama chanzo cha sindromu ya Birt-Hogg-Dubé: vipele vidogo usoni, vifuko vya hewa mapafuni, na saratani ya figo. Mwaka 2003 ikathibitishwa kwa German Shepherd. Kwa mtu na kwa mbwa, ngozi hutoa onyo ambalo figo hazitoi mpaka mambo yameharibika.

Analamba miguu, anakuna masikio, kila mwaka

Huyu anajikuna kweli. Akianza kati ya miezi 6 na miaka 3, na sehemu zinazowaka ni nyayo, makwapa, tumbo na masikio, huenda ni ukurutu wa mzio. Jeni nyingi huchangia kidogo kidogo, pamoja na vumbi, chavua na chakula, kama ilivyo kwa watoto wenye ukurutu. Hakuna kipimo kimoja cha DNA cha kuuthibitisha. Ondoa viroboto kabisa, jaribu chakula kipya kimoja kwa wiki 8 bila kumpa kingine chochote, kisha daktari aamue dawa ya kupunguza muwasho.

Kuhusu ivermectin

Collie na Shetland Sheepdog, machotara wao, na baadhi ya German Shepherd hurithi hitilafu ya jeni ya MDR1. Protini yake hufanya kazi kama pampu, ikirudisha dawa kwenye damu kabla haijazama kwenye ubongo. Pampu ikikosekana, ivermectin ya dozi ya upele huingia: mbwa anayumba, anatokwa mate, haoni, anaweza kuzimia na kufa. Hitilafu hiyo ilielezwa mwaka 2001, ilhali jeni yenyewe ilishajulikana kwa madaktari wa saratani kwa sababu chembe za saratani hutumia pampu hiyo hiyo kutema dawa. Usimdunge mbwa wako ivermectin ya ng'ombe. Vidonge vya kutafuna vya kundi la afoxolaner na fluralaner huua utitiri, navyo havina hatari hiyo kwa mbwa wenye hitilafu ya MDR1.

Ukishashuku ni urithi

Mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (Kenya Veterinary Board). Hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete hupokea mbwa na ina wataalamu wa kusoma bayopsi. Kipimo cha DNA huchukuliwa kwa kusugua pamba ndani ya shavu, na sampuli yaweza kutumwa maabara ya nje. Chagua kipimo cha jeni moja inayolingana na dalili. Kununua orodha nzima ya vipimo kwa mbwa chotara ni gharama isiyo na lazima. Hifadhi ya taarifa ya OMIA, iliyoanzishwa na Frank Nicholas wa Chuo Kikuu cha Sydney, huorodhesha bila malipo kila ugonjwa wa kurithi wa wanyama na jeni yake, na mahali panapolingana na binadamu.

Kama nyumbani yupo mtoto mwenye magamba, asiyetoa jasho, au mwenye malengelenge ya tangu kuzaliwa, mbwa hakumwambukiza, wala yeye hataambukiza darasa. Kila mmoja amerithi kwa wazazi wake. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na mwalimu wake aelezwe kwa maandishi, hasa kuhusu joto kwa mtoto asiyetoa jasho.

Wewe unayezalisha mbwa, andika. Kwa kila uzao: jina la baba na mama, idadi ya madume na majike, nani ana dalili, zilianza umri gani, na alikwenda kwa nani. Piga picha za ngozi mchana, kwenye mwanga wa kutosha, na rula ikiwa kando ya kidonda ili daktari atakayeitazama mwezi ujao ajue kama kimekua.